Choo Safi Kuliko Vyote Kata Nzima

Kama hujakiona choo cha Mzee Alute, pole yako, maana watu walitoka hadi Iguguno kuja kukitazama. Kukitazama tu, si kuingia. Kilikuwa na bati jipya, kuta za tofali za kuchoma zilizopigwa lipu ndani na nje, rangi ya bluu, na mlango wa mbao wenye kitasa. Na kwa kuwa binadamu hawaaminiki, juu ya kitasa palikuwa na kufuli. Nje kilining'inia kibuyu chirizi, lile dumu dogo la kunawia ambalo ukikanyaga kijiti linainama lenyewe na kukumwagia maji. Pembeni ya dumu kilifungwa kipande kizima cha sabuni, bado kimo ndani ya karatasi yake. Sakafu ilikuwa ya saruji, safi kiasi kwamba ungeweza kumwaga ugali pale ukala.

Na hakikuwa na nzi hata mmoja. Nzi ni wadudu wenye akili, hawakai mahali pasipo na kazi.

Tuseme kweli shetani aone aibu: mwaka ulikuwa unakaribia kwisha tangu choo kile kikamilike, na hakuna mtu aliyewahi kukitumia.

Si kwamba nyumba ya Mzee Alute haikuwa na haja. Haja walikuwa nazo kama watu wote. Kilichowashinda ni heshima. Kwa watu wa kule, upande wa Mtinko, baba mkwe na mke wa mwanawe wana miiko yao. Hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawatajani majina, hawakai kwenye kiti kimoja, na mwanamke haingii kamwe chooni anakoingia baba wa mumewe. Akiingia ni sawa na kumvua nguo mzee wa watu hadharani. Zamani jambo hili halikumsumbua mtu, maana pori lilikuwa kubwa na kila mmoja ana kichaka chake. Serikali ilipoleta habari za vyoo ikasahau kuuliza habari za wakwe.

Bwana Afya wa kata, kijana wa mjini Singida aliyeitwa Ashrafu, alipita na kipaza sauti akitangaza kwamba nyumba isiyo na choo bora itakiona cha mtema kuni. Mzee Alute hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Aliuza alizeti, akamleta fundi. Lakini ardhi ya kule, ukichimba unakutana na jiwe, ukihama unakutana na mama yake. Fundi alivunja sururu, akaazima nyingine, akaivunja na hiyo. Shimo moja lilipopatikana alitoka humo mweupe kwa vumbi, akasema, "Mzee, nikianza la pili, la tatu mtanichimbia mimi." Kwa hiyo likabaki hilo moja.

Asubuhi ya uzinduzi Mzee Alute alitoka nyumbani amebeba kopo la maji, mwendo wa taratibu, kama anayekwenda altareni. Alipofika karibu na mlango, aliinua macho akamwona Marietha, mke wa mwanawe Hosea, akitokea upande wa jikoni, naye ana kopo la maji. Wote wawili walisimama. Marietha aligeuza uso akajifanya anamwagilia mchicha, ingawa pale hapakuwa na mchicha. Mzee Alute alijifanya anakagua bati. Kisha kila mmoja akarudi alikotoka, na heshima ikawa imelindwa.

Tangu siku hiyo Marietha hakusogea tena pale, akihofia kwamba baba mkwe ameshaingia. Mzee Alute naye hakusogea, akihofia kwamba mkwe ameshaingia. Magreth, mke wa Mzee, angeweza kuingia bila kuvunja mwiko wowote, lakini alisema hawezi kwenda kujifungia peke yake kwenye chumba kama mtu aliyelazwa. Wanawake walikuwa na korongo lao, na huko korongoni ndiko zilikopatikana habari zote za kitongoji.

"Hicho choo chako ni cha wageni," alimwambia mumewe, "na wageni wenyewe wanakuja wameshajisaidia kwao."

"Kitakuwa na kazi yake," alijibu Mzee Alute, akauvaa ufunguo shingoni.

Basi mambo yakaendelea kama kawaida. Mzee Alute, na Hosea pia kila aliporudi kutoka Mkiwa alikouzia abiria wa mabasi kuku, walipanda nyuma ya yale mawe makubwa yaliyo juu ya nyumba. Kila mmoja alikwenda na gunzi lake la mahindi la kujifutia. Wanawake walishuka korongoni. Na kwenye mchanga wa korongo lilelile, chini kidogo, palikuwa na kisima kilichonywesha kitongoji kizima. Kwa hiyo juu mawe, katikati nyumba na choo cha bluu, chini korongo, na mwisho wa yote kisima. Hesabu hiyo ilikuwa nyepesi, lakini hakuna aliyeifanya, na maji ya kuchemsha Mzee Alute alisema hayana ladha.

Ashrafu alipoanzisha mashindano ya choo bora, unadhani nani alishinda? Alipita na wakaguzi wenzake nyumba kwa nyumba, wakainama, wakanusa, wakatikisa vichwa. Walipofunguliwa kile cha bluu walipigwa na butwaa. Hakikuwa na doa wala harufu, na mfuniko ulikuwa bado unanukia mbao.

"Mzee, mnakisafisha mara ngapi?" Ashrafu aliuliza.

"Hakijawahi kuchafuka," Mzee Alute alijibu, na hapo hakusema uongo.

Jirani yake Calist alishika mkia. Choo chake kilikuwa cha miti na mabua, mlango wake gunia, na familia yote ilikuwa ikikitumia usiku na mchana. Wakaguzi walipofika kukikagua walimkuta mtu ndani. Ashrafu alisema kwa masikitiko kwamba choo kile kina dalili nyingi mno za kutumika.

Ikapangwa siku ya kumleta mgeni rasmi kutoka wilayani, aje amkabidhi Mzee Alute kibao cha ushindi cha kupigilia mlangoni. Kuanzia hapo kufuli halikufunguliwa hata kwa kufagia.

Kabla mgeni rasmi hajafika, zikafika mvua. Kule mvua za kwanza hazibishi hodi. Ziliosha mawe, ziliosha mteremko, ziliosha uwanja wa Mzee Alute, na yote yaliyooshwa yakapelekwa korongoni. Baada ya siku chache watoto wakaanza kuharisha. Watu wazima nao wakaanza kupishana vichakani bila kusalimiana. Mzee Alute mwenyewe alipanda kwenye mawe mara nyingi kuliko umri wake ulivyoruhusu, akasema ni maembe.

Binti mdogo wa Calist, Dorika, hakula maembe. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu, ambaye kila alipomwona Mzee Alute alikimbia kuja kuinamisha kichwa aguswe utosini, "Shikamoo babu," kisha anakimbia tena kabla hajaitikiwa. Aliharisha siku mbili na ya tatu akazikwa.

Pale makaburini waliomba mtu mwenye heshima zake aseme neno. Nani zaidi ya mshindi? Mzee Alute alisimama, akakohoa, akasema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, lakini sisi wanadamu nasi tuwe na usafi, maana usafi huanzia nyumbani. Aliposema "nyumbani" jicho lake lilikwenda lenyewe upande wa kile choo cha mabua. Watu wote waliliona lilikokwenda. Calist alikuwa ameshika koleo, ametazama udongo, na hakuinua kichwa.

Siku chache baadaye, alfajiri, mvua ikiwa imebakiza manyunyu, Mzee Alute alikuwa amechuchumaa nyuma ya mawe yake. Alipomaliza alilitupa gunzi pembeni kama alivyolitupa maisha yake yote. Lakini siku hiyo gunzi halikutulia. Kijito cha maji ya mvua kililidaka, likageuka mara moja, likaanza safari.

Mzee Alute alilitazama kwanza kwa kuchekeshwa. Kisha akajifunga suruali akaanza kulifuata. Likashuka kati ya mawe. Likapita nyuma ya zizi. Likakatiza uwanja wake, likapita mbele ya mlango wa bluu bila hata kutoa heshima, likaendelea kuteremka. Mzee mzima akalifuata akiteleza kwenye matope, mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umeshika kiuno. Mtu angemwona angedhani anafukuza kuku.

Gunzi likaingia korongoni, na mwisho wa safari yake lilikuwa kisimani. Na pale kisimani alikuwepo Marietha, ameinama, anachota.

Alipomwona baba mkwe alipiga goti upande, akageuza uso kama inavyotakiwa. "Shikamoo baba."

"Marahaba," alisema Mzee Alute, akihema.

Gunzi likaelea katikati yao, likizunguka polepole juu ya maji. Marietha alilichota kwa kata yake ya kuchotea maji, akalitupa kando pamoja na takataka nyingine zilizoelea asubuhi ile, akaendelea kujaza ndoo yake. Ndivyo walivyofanya siku zote: kinachoelea hutolewa, kilichobaki ni maji.

Mzee Alute alifungua mdomo. Angesema nini? "Mwanangu, usichote, hilo gunzi ni langu"? Baba mkwe amtajie mkwe wake gunzi? Amweleze na limetoka wapi, na limefanya kazi gani? Afadhali ardhi ipasuke. Akafunga mdomo. Funika kombe mwanaharamu apite. Alisimama pale akiwa na jambo lote kichwani, toka mawe hadi kisima, toka kisima hadi kaburi la Dorika, akamtazama mke wa mwanawe akijitwika ndoo na kuipeleka nyumbani kwake, kwa mjukuu wake. Aliona uchungu ambao hakuwahi kuuona.

Hakunywa maji siku hiyo. Alisema amefunga.

Mjukuu alikunywa. Mjukuu huyu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, naye aliitwa Alute, jina la babu yake, na babu alimpenda kuliko alivyopenda kile choo, jambo ambalo si dogo. Marietha hakuruhusiwa kulitamka jina la baba mkwe, kwa hiyo mwanawe wa kumzaa alimwita "Baba" tu. Kesho yake Baba akaanza kuharisha. Kufikia keshokutwa alikuwa hawezi kushika kichwa.

Magreth alikuwa ameenda msibani Iguguno, Hosea yuko Mkiwa na kuku zake. Walibaki baba mkwe na mkwe, kila mmoja upande wake wa nyumba, na mtoto katikati akikauka. Bodaboda ilipopatikana, dereva alisema, "Pandeni wote, mzee kaa nyuma, mama katikati." Mzee Alute alimtazama kama aliyetukanwa. Akamwambia Marietha atangulie na mtoto, yeye akaifuata pikipiki kwa miguu, tena nusu ya njia akikimbia, suruali yake chini ya koti la mvua ikiwa imejaa tope hadi kiunoni.

Zahanatini Marietha alipokelewa na muuguzi aliyeitwa Chiku, mtu wa pwani, mwenye mikono ya haraka na ulimi wa haraka zaidi.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Baba."

"Sijauliza baba yake. Nauliza mtoto."

"Ndiye huyo. Baba."

"Kadi yake ya kliniki iko wapi?"

Kadi ilikuwa imebaki nyumbani kwa haraka. Chiku alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, na ngozi ikabaki imesimama. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Alilia, lakini machozi hayakutoka. Muuguzi aliacha maswali akaanza kutafuta mshipa wa kuwekea dripu, akauliza tena bila kuinua kichwa, "Dada, nikimwita huyu mtoto nimwiteje?" Marietha akaanza kulia, na hata kwenye kilio jina halikutoka.

Hapo ndipo Mzee Alute alipotokea dirishani. Ndani hakuweza kuingia, maana mkwe alikuwa amekaa kitandani kifua wazi, mtoto amemlaza ubavuni.

"Wewe mzee wa dirishani," Chiku alimwita, "unamjua huyu mtoto? Anaitwa nani?"

"Alute!"

"Sijakuuliza jina lako!"

"Ndilo lake! Ndilo langu! Ni letu sote wawili!" Mzee alipaza sauti. "Mwite, muuguzi. Mwite Alute. Mwite kwa nguvu asikie."

Chiku alimwita. Mtoto alifungua jicho moja, akalifumba. Sindano ikapata mshipa. Mzee Alute akabaki ameshika nondo za dirisha, akitazama matone ya dripu yakishuka moja moja, na katika akili yake akawa anaona kichwa kidogo kimeinama mbele yake kuguswa, lakini hakikuwa kichwa cha Alute mdogo. Kilikuwa cha Dorika.

Jioni mtoto alikojoa, na muuguzi alifurahi kuliko mtu aliyepata mahari. Alitoka nje akamkabili mzee.

"Mngemleta asubuhi ya kesho mngeniletea maiti. Mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima."

"Mnachemsha?"

Mzee Alute alitazama mwarobaini uliokuwa pale uani.

"Basi kisima chenu kimeingia kinyesi, maana kitongoji chenu ndicho kimenijazia vitanda wiki nzima. Kwenu mna choo?"

Hapa mzee alijikuta anajibu kwa mazoea. "Muuguzi, sisi ndio washindi wa kata nzima."

"Hongera," alisema Chiku. "Na nani anakitumia?"

Mzee Alute alifikiri, kisha akauliza kama kuna mahali karibu anaweza kununua sabuni ya kufulia. Ndani ya chumba Marietha alikuwa akisikia kila neno. Naye alinyamaza, lakini kunyamaza kwake hakukuwa kule kwa zamani.

Siku ya mgeni rasmi ikafika. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli wenyeji wengi walikuwa wanahitaji kupona. Waliokuwa na nguvu ya kusimama walikuja. Turubai lilifungwa uwanjani kwa Mzee Alute, vikapangwa viti vya plastiki, meza kuu ikatandikwa kitambaa na kuwekwa maua ambayo hayanyauki. Mlango wa bluu ulifungwa utepe mwekundu. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mnene wa wilayani, mcheshi, amevaa kitenge kilichokaa vizuri. Alikuja na katoni yake ya maji ya chupa kutoka mjini, na hakuna aliyemlaumu.

Ashrafu alishika kipaza sauti. Alisema choo kile ni kioo cha kata. Alisema mara zote walizokikagua hawakuwahi kukuta hata tone. Mgeni rasmi alisema amefarijika, kwamba maradhi ya tumbo yataisha kama kila kaya itaiga mfano wa Mzee Alute. Watu walipiga makofi huku wengine wameshika matumbo. Nyuma kabisa, nje ya kivuli cha turubai, Calist alikuwa amesimama peke yake. Hakupiga makofi.

Mzee Alute alikaa kiti cha mbele, ufunguo shingoni, akitamani sherehe iishe. Kila alivyosifiwa alizidi kuona haya.

Mgeni rasmi aliposhika mkasi, Marietha alitokea upande wa jikoni. Mtoto alikuwa mgongoni, bado mwembamba, shingo haijapata nguvu. Mkononi alibeba poti la mtoto lililofunikwa kitambaa. Alitembea mpaka mbele ya meza kuu, akapiga goti, akageuza uso pembeni asimtazame baba mkwe, kama desturi inavyotaka. Kisha akamsemesha mtoto aliye mgongoni, kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti.

"Baba, mwombe babu yako ufunguo wa choo. Mwambie poti limejaa, na mimi kule korongoni sirudi tena."

Magreth alijishika mdomo. Wazee wa safu ya mbele waligeukiana.

"Mwambie babu," Marietha aliendelea, "mimi na yeye tumeheshimiana sana. Tukakataa kukutana chooni, tukaenda kukutana ndani ya kikombe. Tumenyweshana, Baba, na wewe tukakunywesha. Mwambie siku ile ya gunzi mimi niliona, na yeye aliona, na sote tukanyamaza kwa adabu. Kwa adabu hiyohiyo nusura nikuzike. Mwambie heshima si utumwa. Atupe ufunguo."

Mzee mmoja alisema kwa Kinyaturu neno ambalo halifai kuandikwa. Ashrafu aliona sherehe yake inaelekea shimoni, akasogea, "Mama, subiri kidogo, mgeni rasmi kwanza akate utepe, tupige picha, halafu..."

"Kaa chini wewe," alisema Mzee Alute.

Aliinuka. Aliuvua ufunguo shingoni, na kwa kuwa mkono kwa mkono haiwezekani, aliuweka juu ya kiti chake mwenyewe, akasogea kando. Marietha aliuchukua. Alifika mlangoni na poti lake, utepe ukamzuia kifuani, akausukuma kwa mwili ukakatika wenyewe. Mgeni rasmi akabaki na mkasi hewani. Mlango ukafunguka, ukafungwa.

Watu walingoja. Ndani palisikika mfuniko ukifunuliwa, kwa mara ya kwanza katika historia ya kata.

Marietha alipotoka aliifungua sabuni kwa meno akatema karatasi. Akakanyaga kijiti cha kibuyu chirizi. Dumu likainama kwa adabu zote, lakini halikutoa kitu. Maji yaliyowekwa siku ya ukaguzi yalikwishakauka zamani. Akakanyaga tena, likainama tena. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajizuia. Ndipo Magreth alipojitoa kwenye kundi la wanawake, akaenda meza kuu, akachukua chupa ya maji mbele ya mgeni rasmi bila kuomba, akamnawisha mkwe wake mpaka povu likaisha.

"Na wewe?" alimwuliza mumewe, chupa mkononi.

Wote walimtazama mzee. Alijua wanachongoja. Wazee wenzake walingoja amkemee mkwe, adai mbuzi wa faini, arudishe heshima ya nyumba. Mzee Alute alitazama mawe yale makubwa yaliyo juu ya nyumba yake. Akatazama mteremko. Kisha akatembea taratibu mpaka kwenye mlango wa bluu, akaingia palepale alipotoka mke wa mwanawe, akafunga.

Alikaa humo muda wa kutosha. Mgeni rasmi alijaribu kuendelea na hotuba akashindwa, kwa maana nani angesikiliza hotuba? Mzee mmoja wa safu ya mbele aliondoka na kiti chake. Magreth alisimama na chupa mlangoni, na mumewe alipotoka alimmiminia maji mpaka ikaisha.

Ashrafu alimsogelea akamnong'oneza kwa huzuni ya kweli. "Mzee, umeshakitumia. Mwakani hakiwezi kushinda tena."

"Mwakani namtaka mjukuu wangu," alisema Mzee Alute. "Kushinda shindeni nyie."

Hakwenda kwenye meza kuu kuchukua kibao. Alipita katikati ya viti, mikono ikichuruzika maji, akatoka nje ya kivuli cha turubai, mpaka alipokuwa amesimama Calist.

"Yale maji yalitoka kwangu, Calist. Si kwako. Yalitoka kwangu." Akanyoosha mkono.

Calist aliutazama ule mkono safi, matone yakidondoka kutoka kwenye vidole.

"Umechelewa kunawa, Mzee," alisema.

Akageuka, akashuka zake kuelekea kwake, kwenye choo chake cha mabua na nyumba yake iliyopungua mtu. Mzee Alute alibaki amesimama pale juani, mkono ameunyoosha, mpaka ukakauka.